Krismasi ya Nyumbani: Ukoo Ukikutana, Yazungumzwe na ya Kesho



Kila ifikapo katikati ya Desemba, sisi tunaofanya kazi Kivukoni, jirani na Kanisa Kuu la Azania Front, tunaona dalili zile zile. Kariakoo hufurika watu wanaonunua nguo za watoto, mablanketi ya wazee, mchele na mafuta ya kula. Baadhi ya maduka ya ndugu zetu wa Kilimanjaro huanza kufungwa, na sharika za mjini hukosa sura nyingi tulizozizoea. Wenyewe wamekwenda nyumbani.

Kwa nini wote waende?

Injili ya Luka, sura ya pili, inaeleza kuwa Yusufu alisafiri na Mariamu hadi Bethlehemu, mji wa ukoo wake, ili waandikishwe. Krismasi ya kwanza basi ilikuwa na safari ya kwenda kwao. Uchagani, ambako wamisionari wa Leipzig walianza kazi mwaka 1893, mazoea hayo yameshika mizizi. Kihamba chenye migomba na kahawa ni kidogo, hakiwatoshi watoto wote, hivyo wengi walitoka kutafuta riziki. Hata hivyo kihamba ndipo nyumbani: wazazi wanaishi hapo, na waliotangulia wamezikwa hapo.

Safari yenyewe

Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni zaidi ya kilomita 500. Zamani mabasi yaliondokea Ubungo; tangu mwaka 2021 yanaondokea Kituo cha Magufuli, Mbezi. Treni ya abiria nayo ilirudi Desemba 2019 baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka 20. Mwisho wa mwaka LATRA hutoa vibali vya muda kwa magari ya ziada. Ni vyema kukata tiketi mapema, na kutokubali kupanda gari bovu kwa sababu tu ya haraka ya kufika.

Furaha ya nyumbani

Watoto waliozoea joto la Dar es Salaam hushangaa kulala na mablanketi mawili. Asubuhi mawingu yakifunguka, wanaiona theluji ya Kibo. Binamu sita hulala chumba kimoja, wanajifunza kuamkia kwa Kichaga, wanakata majani ya ng'ombe. Mbuzi anachinjwa, mtori unapikwa, na bibi anawataja wajukuu wote kwa majina. Hii ni shule ambayo hakuna ada inayoweza kuilipia.

Jambo linalosahaulika

Hata hivyo, ikifika tarehe 27 wageni huanza kuondoka, na mara nyingi hakuna lililozungumzwa. Katika kazi yetu tumekaa na wajane walioambiwa waondoke kwenye shamba walilolilima miaka mingi, na ndugu wa tumbo moja wasiosalimiana kwa sababu ya mpaka. Mara nyingi ugomvi huo ulianza baada ya mazishi, kwa jambo ambalo baba angeweza kulimaliza kwa maneno machache alipokuwa hai. Kwa hiyo tunashauri familia itenge nusu siku baada ya Krismasi, ianze kwa sala, na kuzungumzia mambo manne:

1. Matunzo ya wazee. Kwenye simu mzee husema hajambo. Mkiwa nyumbani angalieni dawa zake, paa, maji na kuni, kisha mkubaliane nani atatuma nini na nani atakuwa karibu naye.

2. Kihamba. Tembeeni pamoja mipakani, vijana wakiwepo. Ardhi ya kijiji inaweza kupatiwa hati ya hakimiliki ya kimila. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Mabinti na wakwe wa kike wasibaki jikoni kikao kikiendelea.

3. Wosia. Kuandika wosia si kujitabiria kifo, ni kuwaachia watoto amani. Uandikwe mbele ya mashahidi wasio warithi na utunzwe mahali salama. RITA hutoa huduma hiyo.

4. Fedha. Michango ya sikukuu ipangwe mapema kulingana na uwezo wa kila mmoja. Asiwepo anayekopa ili aonekane amefanikiwa, wala anayeona aibu kuja kwa sababu hana kitu. Kumbukeni Januari ina ada na sare za shule.

Yaliyokubaliwa yaandikwe kwenye daftari la familia, na Krismasi ijayo yasomwe tena.

Yusufu na Mariamu walifika kwao wakakosa nafasi. Tuombe kwamba katika nyumba zetu asiwepo mjane, yatima wala mzee atakayekosa nafasi, wakati wa sikukuu na hata baada ya wageni kuondoka.

Mungu awabariki, na safari njema.