Dawa ya Pili ya Sonona: Tuwe Waangalifu

Sonona ni ugonjwa. Si uvivu, wala si kurogwa. Mgonjwa hukaa na huzuni kwa wiki nyingi, usingizi hapati, hata shamba linamshinda. Wengi hupata nafuu kwa dawa na ushauri. Lakini wapo ambao wamemeza dawa vizuri kwa wiki 4 hadi 6 na hali ni ile ile. Hapo daktari anaweza kubadili dawa, au kuongeza ya pili.

Dawa mojawapo inayoongezwa ni lithiamu. Inasaidia, lakini haitaki mchezo. Ikiwa kidogo mno haifanyi kazi. Ikizidi inakuwa sumu. Kwa hiyo kabla ya kuanza, mgonjwa hupimwa figo na tezi ya shingo. Baada ya wiki moja hivi hupimwa damu, ili kujua dawa iliyomo ni kiasi gani. Damu hutolewa saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Aliyemeza saa 2 usiku hupimwa saa 2 asubuhi. Vipimo huendelea hata akijiona mzima.

Je, dawa inazidije na dozi haikubadilika? Lithiamu hutolewa na figo kwa njia ya mkojo. Maji na chumvi vikipungua mwilini, figo huirudisha kwenye damu. Tuseme mama mmoja amelima juani kutwa, jasho limemtoka, maji hakunywa. Jioni mgongo unamuuma, ananunua diklofenaki dukani. Kumbe diklofenaki na ibuprofeni nazo huzuia lithiamu isitoke! Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, hasa za kukojoza, hufanya hivyo hivyo. Kuhara na kutapika pia ni hatari.

Dalili za sumu ni hizi: kutetemeka sana, kutapika, kuharisha, kuyumba kama mlevi, ulimi kuwa mzito na kuchanganyikiwa. Mgonjwa asimeze dozi nyingine. Apelekwe hospitali mara moja.

Basi, nyumbani tufanye haya:

1. Tumwonyeshe daktari dawa zote tunazotumia, za dukani na za miti shamba pia.
2. Mgonjwa anywe maji ya kutosha, wala asipunguze chumvi ghafla bila ushauri.
3. Mama mwenye mimba, au anayetaka kuzaa, aseme mapema.
4. Asiache dawa ghafla kwa sababu amepata nafuu.
5. Ndugu amtunzie dawa. Mgonjwa akisema amechoka kuishi, tusimwache peke yake. Tumpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini damu hupimwa hata kama mgonjwa anajisikia vizuri?
2. Jirani yako anatumia lithiamu na leo anaharisha. Utamwambia nini?