UDONGO, NGOZI YA DUNIA



Sisi watu wa migodi tunajua sana mawe yaliyo chini. Lakini chakula chetu kinatoka katika kitu chembamba kilicho juu ya mawe hayo, ndio udongo.

Chimba shimo katika pori letu la miombo, utaona tabaka tatu. Juu kuna udongo mweusi, mara nyingi haupiti urefu wa kiganja. Chini yake kuna udongo mwekundu, na chini kabisa kuna jiwe linalovunjika polepole. Udongo mweusi unatengenezwa na majani yaliyooza, mchwa, nyungunyungu na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Ndio unaoshika maji ya mvua, unaoyachuja, na unaolisha mahindi na mihogo. Sentimeta 1 tu inahitaji miaka mia na zaidi. Pale miti yote imekatwa kwa makala, mvua inaubeba upesi.

Udongo unashika pia kila kitu kinachouangukia. Majani yanaoza, lakini madini hayaozi. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza kazi mwaka 1911. Miaka mingi upepo ulipeleka moshi na vumbi lake kaskazini-magharibi. Huko, upande wa Penga Penga, miti ilikufa na mvua ikabeba udongo wa juu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi katika mkojo, na watoto wanapita wakubwa.

Kwa nini watoto? Wanacheza chini, kisha wanatia mikono mdomoni. Vumbi hilo linaweza kuwa na plombi pia, nayo inaharibu akili ya mtoto anayekua, hata kama haonekani mgonjwa.

Basi tufanye hivi:

1. Salopeti na viatu vya kazi visiingie chumbani. Salopeti ifuliwe peke yake, mbali na nguo za watoto.

2. Mtoto anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

3. Lengalenga na matembele yaoshwe mara kadhaa katika maji safi. Moto unaua vijidudu, lakini hauondoi madini.

4. Tusilime mboga juu ya takataka za kiwanda wala kando ya barabara ya malori ya madini.

5. Tutie katika bustani mbolea ya majani na ya kuku, na chokaa kidogo. Vinasaidia kuzuia shaba na plombi zisipande katika mboga.

6. Mama mwenye mimba asile pemba wala udongo wa kichuguu.

Mfanyakazi anavaa kofia na viatu ili arudi nyumbani mzima. Watoto wanaomngoja huko hawana kofia ya kuwakinga na vumbi. Kinga yao ni maji, sabuni na bustani iliyotunzwa vizuri.