Basi Lisilo na Mwili Wake

Mwaka 1954, kwenye maonyesho ya magari ya Earl's Court, London, watu walioneshwa basi jekundu la ghorofa lenye namba RM1. Hilo ndilo Routemaster la kwanza. Lilianza kubeba abiria Februari 1956, na hadi uundaji uliposimama mwaka 1968 yalikuwa yametoka mabasi 2,876.

Ujuzi uliolizaa ulitoka kwenye ndege. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, shirika la usafiri la London liliongoza viwanda vilivyounda ndege 710 za kivita aina ya Halifax, na mafundi wakajionea jinsi bati jembamba la alumini, likipigwa ribiti sawasawa, linavyohimili mzigo mkubwa. Ndiyo maana Routemaster halina chasisi ya kawaida. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito. Mbele imefungiwa fremu ya chuma yenye injini na usukani, nyuma nyingine yenye ekseli na springi. Basi la RT lililolitangulia lilikuwa na viti 56. Hili likapata 64 bila kuwa zito zaidi.

Alumini haishiki kutu kama chuma, kwa sababu ikikutana na hewa hujivika utando mwembamba unaoilinda. Hatari iko pale inapogusana na chuma. Maji yakipenya kwenye kiungo hicho, hasa maji yenye chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, umeme mdogo hupita kati ya metali hizo mbili. Alumini ndiyo inayoliwa, ikageuka unga mweupe nyuma ya rangi inayong'aa bado. Mtu anayetaka kununua Routemaster kuukuu aanze kukagua huko, si kwenye viti.

Kwa miaka mingi kazi ya kuyafufua ilifanyika Aldenham, karakana kubwa kaskazini mwa London ambayo vitani ilikuwa sehemu ya uundaji wa Halifax. Basi lilipofika, bodi ilinyanyuliwa kwa kreni na fremu zikapelekwa upande mwingine. Bodi ilichukua muda mrefu zaidi kutengenezwa, na wakubwa hawakutaka basi lenye leseni likae bure likisubiri mwili wake. Kwa hiyo namba ilihamishiwa kwenye bodi nyingine iliyokwisha kamilika, ikafungiwa fremu zilizokuwa tayari, basi likarudi barabarani. Jambo hilo liliwezekana kwa sababu vipande vilikatwa kwa vipimo vilevile tangu kiwandani.

Kwa hiyo basi lenye namba fulani leo huenda lina bodi iliyozaliwa na namba nyingine na injini isiyojulikana ilikoanzia. Wapo wahifadhi wanaohangaika kuirudishia kila namba mwili wake wa mwanzo. Nauheshimu uvumilivu wao, lakini naona wanatafuta kitu ambacho wasanifu hawakukikusudia. Kubadilishana viungo ndiko kulikoyaweka mabasi haya katika huduma ya kawaida hadi Desemba 9, 2005, siku njia namba 159 ilipoyaaga, na ndiko kunakowapa wahifadhi spea hadi sasa.

RM1 ni kisa tofauti. Hilo lilikuwa la majaribio: radieta yake ilianza chini ya sakafu, baadaye ikahamishiwa mbele na sura yote ikabadilika. Anayelihifadhi hana budi kuchagua mwaka mmoja katika maisha yake na kuifuta mingine.

Kwa yale mengine, kilicho adimu kuliko bati ni maarifa: jinsi ya kuikalisha bodi juu ya fremu mbili bila kuipinda, ribiti ipi ipigwe wapi, kipi kitenganishe chuma na alumini. Aldenham ilifungwa mwaka 1986, na waliofanya kazi pale sasa ni wazee. Wahojiwe, wapigwe picha za video wakiwa na zana mikononi, na kila basi linalokarabatiwa liandikiwe daftari la kila kipande kilichotolewa na kilichowekwa.