SI UZEE TU, NI MILANGO YA MOYO

Moyo una milango minne, iitwayo vali. Hufunguka damu ipite, hufunga isirudi nyuma.

Tukizeeka, mlango unaweza kukakamaa kwa chokaa. Damu hupita kwa shida. Mzee akipanda kilima huhema sana, kifua humbana, au huzimia. Sisi husema, "Aa, ni uzee tu," au, "Karogwa huyo." Tusiseme hivyo! Tumpeleke hospitali mapema. Daktari husikiliza kifua. Mlango mbovu hutoa mvumo.

Dawa hupunguza taabu, lakini haifungui mlango uliokakamaa. Mlango hubadilishwa kwa upasuaji. Kazi hiyo hufanyika hapa nchini, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Tukichelewa, moyo huchoka kabisa.