Kina cha Birika la Maji

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo mvua huadimika tangu Juni hata Agosti, na wengi wakaao juu ya vilima hawana budi kushuka bondeni na ndoo kutafuta maji. Kwa hiyo yafaa kujenga birika la kukinga maji ya paa. Lakini kabla ya kushika jembe yatupasa kuuliza: Shimo hili liende chini kadiri gani? Leo twataka kueleza namna ya kupata jibu kwa hesabu, wala si kwa kukisia.

Tuseme nyumba ina watu 6, na kila mtu hutumia lita 20 kwa siku. Hizo ni lita 120. Na kwa siku 90 za kiangazi ni lita 10,800. Lita 1,000 hujaza mita moja ya ujazo, basi birika letu lataka mita za ujazo 10.8.

Twajua kwamba ujazo wa kitu chenye umbo la sanduku hupatikana kwa kuzidisha urefu kwa upana, kisha kwa kina. Ikiwa ujazo twaujua na kina hatukijui, turudi kwa njia ile ile tuliyoijia, yaani tugawanye. Kiwanja chetu chatupa urefu wa mita 3 na upana wa mita 2. Eneo la sakafu ni mita za mraba 6. Tugawanye 10.8 kwa 6, tutapata 1.8. Kina cha maji ni mita 1 na sentimita 80.

Lakini tuangalie: vipimo hivi ni vya ndani. Fundi akichimba mita 3 kwa 2, kisha akajenga ndani yake kuta zenye unene wa sentimita 15, urefu utabaki mita 2.7 na upana mita 1.7. Kwa kina kile kile, ujazo utakuwa mita 8.262 tu. Zimepotea lita 2,538, nayo ni maji ya siku 21. Nyumba hiyo itaona kiu kabla mvua haijarudi.

Hesabu hii yafaa nyumba moja, nayo yafaa umati. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa hesabu iliyotolewa wakati ule, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Kwa kipimo cha lita 15 kwa mtu, ambacho siku hizi hufuatwa penye dharura, watu hao wangetaka mita za ujazo 3,750 kila siku. Tukichimba birika lenye urefu wa mita 50 na upana wa mita 25, kina chake hakina budi kuwa mita 3. Nalo lingekuwa tupu jioni ya siku ya kwanza.

Basi wanafunzi, chukueni kamba ya kupimia, mkajaribu hesabu hii nyumbani. Na birika likiisha kujengwa, lifunikwe vema, mtoto asije akatumbukia.