Trekta Kwenye Shamba la Mteremko

Leo hatuzungumzi juu ya malaria wala kuhara. Tunazungumza juu ya trekta. Huenda unajiuliza, trekta lina uhusiano gani na afya ya mtoto wangu? Uhusiano upo, na ni mkubwa, hasa kwetu sisi wenye mashamba ya miteremko kama haya ya Nuu.

Kwa miaka mingi kazi ya shamba huku Ukambani imekuwa ya jembe na plau ya ng'ombe. Ng'ombe akichoka husimama. Akiona shimo hukataa kwenda. Trekta halikatai. Siku hizi matrekta madogo hukodishwa kulima kabla ya mvua ya Oktoba, na wanaopanda nyasi za mifugo nao huulizia trekta la kukata nyasi. Ni jambo jema, kwa maana mgongo wa mama unapata kupumzika. Lakini trekta likipinduka huua, na huua upesi. Huko Marekani, ambako ajali za mashambani huandikwa kwa miaka mingi, kupinduka kwa trekta ndiko kumeua watu wengi zaidi shambani kuliko ajali nyingine.

Kwa nini linapinduka? Fikiria kigoda cha mzee na stuli ndefu. Mtoto akiegemea upande mmoja juu ya kigoda, hakianguki. Akifanya hivyo juu ya stuli, ataanguka nayo. Trekta nalo ni hivyo hivyo. Likiwa na magurudumu yaliyoachana na uzito wake ukiwa chini, linatulia. Likiwa jembamba na refu, mteremko mdogo tu unalitosha. Kwa hiyo usidanganyike kwamba trekta dogo ni salama kwa sababu ni dogo. Mengi madogo ni membamba, na ndiyo huanguka kwa urahisi.

Basi, kabla ya kukodi au kununua, simama nyuma ya trekta uliangalie. Je, magurudumu ya nyuma yameachana vizuri? Katika matrekta mengi fundi anaweza kuyasogeza nje zaidi. Mwombe mwenye trekta afanye hivyo kabla ya kuja kwenye mlima. Angalia pia kama limewekewa vyuma vya uzito mbele. Trekta lenye mashine nzito nyuma na wepesi mbele huinua pua likipanda, na likishainuka dereva hana hata muda wa kusema mama yangu.

Sasa angalia nyuma ya kiti. Unatafuta upinde wa chuma kinene uliopita kichwa cha dereva, wa nguzo 2 au 4, uliofungwa kwa bolti kwenye mwili wa trekta. Trekta likipinduka, upinde huo hubeba uzito, na dereva hubaki na nafasi ya kuishi. Nchi ya Sweden iliweka sheria mwaka 1959 kwamba kila trekta jipya liwe na kinga hiyo, na vifo vya kupinduka vikapungua sana. Kile kibanda chepesi cha kuzuia jua si kinga. Kitapondeka kama kopo.

Upinde huenda pamoja na mkanda wa kiti. Bila mkanda, dereva hurushwa nje na kuangukiwa na upinde ule ule uliowekwa kumwokoa. Upinde mwingine hukunjwa ili upite chini ya miti. Hakikisha umesimamishwa. Lakini kama trekta ni lile la zamani lisilo na upinde, dereva asijifunge mkanda, kwa maana atafungiwa chini yake. Trekta la namna hiyo, kwa maoni yetu, libaki mashamba ya tambarare huko chini.

Trekta linalovuta kwa magurudumu yote 4 ni bora kwa mlima, kwa sababu likishuka, magurudumu ya mbele nayo husaidia kulizuia. Na breki? Matrekta mengi yana pedali 2 za breki, moja kwa kila upande. Zisipounganishwa pamoja, dereva hukanyaga moja tu na trekta hugeuka ghafla. Kwenye mteremko, hilo linatosha kuua.

Hata trekta zuri lina mwisho wake. Ujue mteremko wako. Wazee wanakumbuka jinsi mistari ya matuta ilivyopimwa kwa uzi na levo. Fanya vivyo hivyo. Chukua uzi wa mita 4. Mtu mmoja ashike ncha moja chini kwenye udongo, upande wa juu. Wewe shuka na ncha nyingine, uvute mpaka uzi ulale sawa kwa levo ya fundi wa mawe. Sasa pima kutoka uzi hadi ardhi hapo ulipo. Ikipita mita 1, yaani karibu na kiuno cha mtu mzima, usilete trekta hapo. Kata nyasi kwa slasha au panga, au ulime kwa ng'ombe. Ikiwa nyasi zimelowa, au shamba lina mashimo ya muhanga na vichuguu vilivyofichwa na nyasi, hata mteremko mdogo kuliko huo ni hatari. Tembea shamba lote kwanza, uweke kijiti chenye kitambaa kila penye shimo, jiwe au kisiki.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Tumefundishwa kulima kukingama mteremko, ili maji yasibebe udongo, na hilo ni kweli. Lakini trekta likienda kukingama kwenye mteremko mkali ndipo linapolala ubavu. Anayekata nyasi ni heri apande na kushuka moja kwa moja, kwa gia nzito, bila kukanyaga klachi wakati wa kushuka, na mashine ya nyuma ikiwa chini karibu na ardhi. Anayelima asilime kwa kushuka, kwa maana mvua ya Novemba itamwachia mawe matupu. Dawa yake ni matuta. Katikati ya tuta na tuta ardhi huwa imelala, na trekta hufanya kazi bila kuinama. Ila lisikaribie ukingo. Mfereji ukiwa na kina cha mita 1, gurudumu likae angalau mita 1 kutoka ukingoni, na zaidi ikiwa udongo umelowa.

Tuje kwa watoto, maana hao ndio jukumu lako hasa. Trekta likiingia kijijini, watoto hulikimbilia. Dereva, kwa wema, humpakata mmoja, na mwingine hukaa juu ya madigadi. Mama, kataa. Kiti ni kimoja, mtu ni mmoja. Gurudumu likiruka jiwe, mtoto huanguka mbele ya gurudumu la nyuma au mbele ya visu. Kama dereva ni shemeji yako au kijana wa jirani na unaona haya, mwambie hivi: "Mwanangu, ukimaliza kazi na kuzima injini, watoto watakuja kulitazama." Hakuna atakayekasirika.

Wakati nyasi zinakatwa, watoto wabaki nyumbani na mtu mzima anayewaangalia. Mtoto aliyechuchumaa kwenye nyasi ndefu haonekani na dereva. Visu navyo hurusha mawe mbali na kwa nguvu, na mnajua mawe ya kwetu yalivyo mengi.

Na wewe mwenyewe? Nyuma ya trekta kuna mhimili wa chuma unaozungusha mashine. Kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde. Ukishika pindo la leso, huwezi kuvuta ukashinda. Unapompelekea dereva chai au chakula, simama mbali mahali anapokuona, ungoje azime injini. Ndipo umkaribie. Uliza pia kama mhimili una kifuniko chake. Wengi hukitoa na kukiacha ghalani.

Ajali ikitokea, zima injini kwanza. Usimvute aliyebanwa kwa nguvu, na watu wasijaribu kuinua trekta kwa mikono, kwa maana likiteleza litambana mara ya pili. Zuieni magurudumu kwa mawe, kisha muite watu wenye jeki, magogo na gari. Penye kutoka damu, kandamiza kwa kitambaa safi bila kuachia. Akitolewa, shingo na mgongo visipindwe. Mbebeni akiwa amelala juu ya mlango au ubao. Piga simu 999 au 112, na mpelekeni hospitali ya Nuu au Mwingi hata kama anasema yu mzima, kwa sababu damu inaweza kuwa inavuja tumboni. Mkifika, waambieni wahudumu alibanwa kwa muda gani, na muulize kuhusu sindano ya pepopunda.

Katika kipindi kijacho tutazungumza juu ya nyoka na nge, kwa kuwa mvua inakaribia. Kwaherini.