Valvu Sebuleni: Wati 75 au Wati 8?

Kuna watu wakipata bonasi wanawaza gari. Wengine wanawaza amplifaya. Na usidhani ni wanaume tu, maana nawajua akina dada ambao ukiwagusa kwenye mambo ya muziki utajuta kwa nini umeuliza! Hawa hawazungumzii redio za kawaida. Wanazungumzia mashine za valvu, vile viglasi vinavyowaka rangi ya chungwa ambavyo wengi tulidhani vilizikwa pamoja na redio za mbao za babu zetu.

Havikuzikwa. Lee De Forest wa Marekani alibuni valvu ya kukuza sauti mwaka 1906. Transista ikaja mwaka 1947 na kuzifukuza karibu kila mahali, isipokuwa sebuleni kwa wapenda muziki. Mpaka leo zinatengenezwa Urusi, China na Slovakia.

Tatizo ni mshiko. Hapa hakuna cha kununua kimyakimya halafu mwenzako akute boksi mlangoni. Basi tuongee, kabla hamjagombana.

Nani anafanya nini?

Mtambo wa kweli una vipande viwili. Priamplifaya ndiyo inayopokea muziki, kuchagua chanzo na kupandisha au kushusha sauti. Amplifaya ya nguvu kazi yake ni moja tu, kusukuma spika. Ukicheza sidi, mashine inatoa kama volti 2, kazi rahisi. Lakini sindano ya santuri ya aina ya kawaida inatoa kama milivolti 5 tu, yaani volti hizo mbili ugawanye mara mia nne. Kwa hiyo kama nyumbani kuna santuri za mzee mlizorithi, priamplifaya nzuri siyo anasa. Ndiyo roho ya mtambo.

Mwenye misuli

Ukitaja valvu, jina la McIntosh halikosi. Amplifaya yao ya MC275 ilitoka mwaka 1961, na bado iko kwenye orodha yao baada ya kufanyiwa marekebisho kadhaa. Inatoa wati 75 kila upande kwa valvu nne za KT88, na uzito wake ni kama kilo 30. Mwenzi wake ni priamplifaya ya C22, nayo ya miaka ya 1960, inayotumia valvu ndogo za 12AX7. Wakiwa pamoja ni babu kubwa! Besi imeshikwa barabara, tarumbeta zinapumua, na sherehe ikichanganya mtambo hautoi jasho.

Bei sasa. MC275 peke yake ni zaidi ya dola 6,000. Ongeza C22, mnapita dola 10,000 kabla ya usafiri na ushuru. Hicho ni kiwanja, wapenzi.

Mpole

Upande wa pili kuna 300B, valvu ya Western Electric ya mwaka 1938 iliyokuwa ikiendesha spika za majumba ya sinema. Ukitumia moja kila upande unapata kama wati 8. Nane tu! Lakini sauti ya binadamu ikipita humo, utadhani mwimbaji amevuta kiti. Weka Bi Kidude, utaelewa. Kiukweli, sehemu ya huo utamu ni upotoshaji. Valvu hii inaongeza kidogo mwangwi wa noti ileile, oktavu moja juu, na sikio letu linaupenda. Kwa vipimo, transista nyingi za bei nafuu ni safi zaidi. Anayekuambia valvu ni "sahihi zaidi" anakuuzia tu.

Hesabu inayookoa ndoa

Wati 75 hazisikiki mara tisa ya wati 8. Nguvu ikiongezeka mara kumi, sikio linasikia kama mara mbili tu. Kwa hiyo angalieni spika kwanza. Spika yenye usikivu wa desibeli 96 ikipewa wati 8 inatoa sauti sawa na spika ya desibeli 86 iliyopewa wati 80. Ila spika zenye usikivu mkubwa aghalabu ni kubwa kama kabati. Nani kati yenu amekubali kabati mbili sebuleni? Jibuni hilo, nusu ya uamuzi imeisha.

Ushauri wangu? Wenye spika ndogo na wageni kila Jumapili, chukueni misuli. Wenye nafasi, spika sikivu na jioni tulivu, 300B. Na kama bajeti inabana, nunueni priamplifaya ya valvu, mwiache transista isukume spika. Valvu ndogo hudumu kuliko zile za nguvu, na joto linapungua.

Kabla hamjafungua pochi

Someni kibandiko cha nyuma. Mashine ya Marekani ni ya volti 120, ya Japani 100. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na Kenya 240. Ukichomeka hivihivi, kwaheri.

Kumbukeni LUKU. KT88 moja inakula kama wati 10 kwa kujipasha moto tu, hata muziki ukiwa kimya.

Kama kuna mtoto anayetambaa, funikeni kwa wavu. Glasi inaunguza, na ndani kuna mamia ya volti yanayoweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya. Kufungua ni kazi ya fundi.

Jaribuni wote wawili, wimbo mnaoujua, sauti ikiwa imelinganishwa. Mashine inayopiga juu kidogo huwa inashinda kwa hila. Mmoja asipoona tofauti, msimcheke. Pesa ni yenu wote, na sikio lake nalo lina kura.

Mwisho, sofa. Mitambo hii ina kiti kimoja cha kifalme, katikati kabisa. Rudisheni sofa nyuma, geuzeni spika ziangaliane kidogo mbele yenu, wote mpate haki. Amplifaya ya dola 10,000 inayosikilizwa na mtu mmoja huku mwenzake yuko chumbani na simu ni ghali mno, hata ikipatikana kwa nusu bei.